Albamu Iliyopigwa Randa

Mwaka huu hakuna pa kuikimbilia. Ukipanda basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, dereva ameshaiweka kabla hamjafika Uyole. Saluni za mtaa wa Soweto, hapo Mbeya, zinaipiga tangu asubuhi. Kwenye sherehe za kumuaga binti, bibi harusi anaingizwa ukumbini kwa wimbo wake wa tatu. Ni albamu ya bendi ambayo kwa miaka mingi ilisikilizwa na watu wachache sana, nami nikiwa mmoja wao, na wengi wa hao wachache walikuwa ndugu wa wanamuziki, watu wasio na namna. Sasa mama anayeniuzia nyanya anaimba kiitikio huku akipanga mafungu. Juzi aliniuliza kama naufahamu ule wimbo. Nikamwambia namfahamu aliyeutunga.

"Huyo lazima ana roho nzuri," akasema. "Wimbo umetulia kama maji ya mtungini."

Nikachukua nyanya zangu nikaondoka. Ningemwambia nini? Kwamba mtunzi mwenyewe aliogopa sauti zilizotulia kuliko alivyoogopa nyoka? Kwamba ule utulivu anaousifu ulitoka kwa mtu aliyekuwa anapoteza masikio yake, na kwamba kila nikiusikia natazama mikono yangu kuhakikisha ipo?

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi alinitazama mdomo kwa muda, kisha akasema, "Andika. Jina usiweke."

"Nikuite nani sasa?"

"Mwalimu. Mikoa hii walimu ni wengi kuliko ukungu. Hawatajua."

Basi ni Mwalimu. Na kweli alifundisha kwaya, huko Mufindi, kwa ukali ambao wanakwaya wake wa zamani bado wanausimulia wakiwa wamenyoosha mgongo. Kabla ya kwaya alikuwa mtu wa misumeno, Mafinga, kwenye viwanda vya mbao. Huko ndiko alikoacha vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake. Watu waliomwona akipiga gitaa kwa mkono huo walidhani ana mtindo. Mimi niliandika kwamba ana mtindo.

Hadithi ya vidole hakuisimulia kwa huzuni. Aliisimulia kama fundi anayekuonyesha waya ambao hutakiwi kuugusa.

"Msumeno ukiwa na gogo mdomoni, unakoroma," alisema. "Ukikoroma usiogope, una kazi yake. Gogo likiisha unabaki mtupu, unazunguka bure, ndipo unaimba. Sauti nzuri kabisa, nyembamba, haina doa. Mtu anaona kazi imekwisha, ananyoosha mkono kupangusa vumbi. Hapo."

"Hapo nini?"

"Hapo ndipo nilipoachia."

Kutoka kwenye tukio hilo moja alijitengenezea elimu nzima ya dunia. Sauti inayokwaruza ina kitu ndani yake, na kitu hicho kiko kati yako na meno. Sauti safi haina kitu. Nyumbani kwake Soweto redio ilikaa wazi mchana kutwa katikati ya stesheni mbili, ikichemka kama kikaango, na ukijaribu kuitafutia stesheni anakushika mkono. "Acha nyumba ikorome," anasema. Aliwahi kutoka kanisani katikati ya ibada, kwa hatua za haraka, mkewe akimfuata kwa aibu, kwa sababu kwaya ya wageni ilikuwa imepatana mno. Nilipomuuliza aliona nini akanijibu kwamba hakuona kitu, na hilo ndilo lililomtoa.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa giza. Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa majani. Alicheka kwa sauti kubwa, alipenda mechi za mitaani, alimwita kila mtoto "bosi". Na yeye aliyeogopa sauti zilizopatana hakuweza kumvumilia mtu anayeimba nje ya ufunguo. Akimsikia kondakta wa basi akivuruga wimbo, anamsahihisha kwa mluzi mpaka anyooke, halafu anakasirika kwa kuwa amenyooka. Nilimwambia siku moja kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Akasema, "Hata mimi sikai pamoja. Nusu iko Mafinga."

Bendi aliianzisha baada ya kuachana na kwaya. Ilikuwa na yeye kwenye gitaa, Mgaya kwenye dramu, Atupele kwenye uimbaji, na mpiga besi ambaye alibadilika mara kwa mara kama hali ya hewa ya Mbeya. Waliita wanachopiga roki kwa kukosa jina lingine. Walifanyia mazoezi Ubaruku, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ya mjomba wake Mgaya, na Mwalimu hakukubali mashine izimwe. Aliufuata mngurumo wake kukaza nyuzi za gitaa. Rekodi zao za mwanzo zote zina ile mashine ndani, na pumba unaweza karibu kuzinusa. Wimbo mmoja ulihusu nguzo ya umeme iliyokataa kusimama. Mwingine ulihusu mwanamume aliyelipenda trekta lake mpaka mke akahama. Watu waliusikiliza muziki ule huku wamekunja uso kama wanaopimwa malaria.

Mimi niliupenda, na kwa bahati mbaya nimesoma chuo kikuu. Niliandika makala ndefu katika jarida linalosomwa na walioandika humo. Nilisifu "sikio la Mwalimu lisilokosea". Nilisifu hasa yale mapigo matatu makavu ya dramu ambayo kwenye nyimbo zao huingia ghafla, pale ambapo mtu anategemea kimya. Kurasa kadhaa niliyaeleza mapigo yale. Niliyahusisha na mafiga, na Utatu Mtakatifu, na jambo lingine linalohusu dola ambalo leo siwezi kulirudia bila kuona haya.

Ukweli nilikuja kuupata kwa Mgaya. Kwenye viwanda vya mbao watu hawaongei kwa mdomo, maana hakuna atakayesikia. Wanaongea kwa mikono. Ngumi juu maana yake simama. Kiganja wazi maana yake msumeno uko mtupu, toa mikono. Mwalimu aliiongoza bendi kwa alama hizo. Akitaka wote waache kupiga, pabaki patupu, alinyanyua kiganja. Lakini alinyanyua cha kushoto, chenye vidole vitatu, na Mgaya, ambaye hajawahi kukanyaga kiwanda cha mbao, akadhani anaambiwa tatu. Akapiga tatu.

"Miaka yote hiyo hakukusahihisha?" nilimuuliza.

"Nilikuja kumuuliza mwenyewe. Akasema, 'Nilitaka pawe patupu, wewe ukapajazia. Nikaona nimepona.'" Mgaya akanigonga bega. "Pole na makala yako, kaka."

Yapo mambo ya Mwalimu ambayo sina maelezo yake, nami ni mtu wa kutafuta maelezo. Palikuwa na harusi moja Soweto, wamealikwa kwa makosa, bwana harusi akidhani ni bendi nyingine. Mchana, turubai limejaa. Kwa mara ya kwanza walipiga kitu ambacho watu walikiweza. Mashangazi walikuwa wameshainuka, khanga zimeshafungwa kiunoni. Mwalimu akanyanyua ngumi. Bendi ikasimama. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole, "Tokeni kidogo."

"Tutoke twende wapi?" shangazi mmoja akauliza. "Tumekuja kucheza, baba, siyo kuhesabiwa!"

"Tokeni tu, mama. Sauti imekuwa nzuri sana."

Wakatoka, wakimtukana. Mvua ilikuwa imejaza tumbo la turubai bila mtu kutazama juu, na nguzo ya kati ikateleza. Maji yote yalishuka mahali ambapo mashangazi walikuwa wakicheza, pamoja na bomba la chuma. Mimi nasema aliiona nguzo. Nimesema hivyo mara nyingi. Alikuwa ameipa mgongo.

Halafu ikaja albamu.

Waliirekodi Iringa, kwenye studio iliyobanwa juu ya duka la magodoro, ambayo kuta zake zilizibwa kwa magodoro yasiyouzika. Nilikwenda kuwatembelea nikitegemea mngurumo. Nilikuta kimya cha hospitali. Hakukuwa na mashine ya mpunga. Magitaa yalikuwa yamesogezwa mbali kama wageni wasiojulikana, dramu inatembea sawasawa, na sauti ya Atupele iko mbele kabisa, peke yake, inang'aa. Fundi mitambo, kijana mchangamfu mwenye kofia, hakuweza kukaa kwenye kiti kwa furaha.

"Mzee amejua kuniheshimisha," akaniambia. "Kila saa ananiambia pandisha dada, shusha vingine. Pandisha dada, shusha vingine. Hii itapigwa mpaka msibani!"

Mwalimu alikaa upande wa pili wa kioo, kiganja kimoja kimelala juu ya spika, macho kwenye mdomo wa Atupele. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa kwenye spika, kwa hiyo alama alizitoa kwa wa kulia. Wakafika kwenye wimbo wa trekta. Alinyanyua kiganja cha kulia, vidole vyote vitano, hapakuwa na tatu ya kuhesabu, na Mgaya kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya muziki akakisoma sawasawa. Akaacha kupiga. Wote wakaacha. Sauti ya Atupele ikabaki imening'inia peke yake, nyembamba, haina doa, ikimlilia mwanamume na trekta lake. Ndiyo sehemu ambayo maharusi wanaifutia machozi. Mimi nilisimama pale katikati ya magodoro nikaitazama mikono yangu. Msumeno ulikuwa mtupu, na aliyenifundisha kuogopa alikuwa ametabasamu.

Mgaya alilipuka walipotoka nje. "Umetuuza, Mwalimu! Miaka yote hii tunakaa na magome yetu, leo umetupiga randa mpaka tumekuwa kijiti cha kuchokonolea meno!"

Mwalimu alimtazama mdomo mpaka akamaliza. "Kijiti nacho ni mti," akasema, akaenda kutafuta chai.

Atupele ndiye aliyeniambia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka akimenya chungwa, na alisubiri Mgaya apotelee barabarani.

"Kaka, hujaona anavyonitazama mdomo?"

"Nimeona. Nilidhani..."

"Kila mtu anadhani. Mume wangu naye anadhani, na nimechoka kumweleza." Akatema mbegu. "Hasikii. Zimebaki sauti chache, ya kwangu ikiwamo, na hiyo anaipata nusu kwa macho. Vingine vyote ni uji. Anasema kichwani kuna msumeno, mtupu, unaimba akiwa macho, na akilala unamngoja aamke."

"Kwa hiyo hii albamu..."

"Amebakiza anachokisikia tu. Basi. Siyo kuuza, siyo kukua, sijui mnaandikaga nini. Amefagia kila kitu ambacho hakimfikii, na kilichobaki ndicho hicho watu watakicheza."

Nikauliza kwa nini Mgaya asiambiwe.

"Amenikataza. Anasema mpiga dramu akijua humsikii, anapiga anachotaka. Na bendi ikijua, ndiyo mwisho, nani atapanda jukwaani na kiongozi kiziwi?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi bendi ife tu, nitaimba kwingine. Ninachoogopa, bila bendi atarudi Mafinga. Shemeji yake ana kiwanda, anamuita kila mwaka. Hebu fikiria, kaka. Mtu yule, na msumeno, na masikio hayo."

Nilifikiria. Sikupenda.

Uzinduzi ulifanyika Mbeya, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Ilikuwepo shida ndogo kabla ya kuanza. Atupele alizoea kuimba ameelekea upande, nusu ya mgongo kwa watu, ili Mwalimu amwone mdomo. Miaka ya mwisho watu walidhani ni maringo. Mwandaaji akasema haiwezekani. Watu wamekuja kumwona dada, wamwone. Atupele akakataa. Mwalimu ndiye aliyemwambia, "Waangalie watu, mwanangu. Mimi nitafuata."

Na alifuata, nyimbo za mwanzo. Nadhani alifuata kwa nyayo, kwa mtikisiko wa mbao za jukwaa. Alikuwa amevua viatu. Ulipofika wimbo wa trekta watu waliimba wote, na miguu ya watu wote wa ule ukumbi ikapiga sakafu, na jukwaa likawa linatikisika kwa mambo mengi kwa pamoja. Wimbo ukaisha. Atupele akainama kushukuru. Mpiga besi akaweka gitaa chini. Mwalimu akaendelea.

Alipiga peke yake, amefumba macho, kwa utamu ambao sijawahi kuusikia mikononi mwake. Watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa. Wakanyamaza kusikiliza. Mama mmoja karibu yangu akasema, "Jamani, mzee huyu," akashika kifua. Atupele aligeuka, na uso wake sitaki kuueleza.

Nilimtazama Mgaya. Alikuwa amekaa na vijiti mapajani, akimwangalia Mwalimu kama mtu anayesoma kibao cha zamani na ghafla herufi zinaeleweka. Kisha akaanza kupiga, taratibu, chini yake, ili ionekane ni kitu chao. Alimbeba hivyo kwa muda. Akainuka bado akipiga kwa mkono mmoja, akamgusa Mwalimu mguuni kwa ncha ya kiatu, na Mwalimu alipofumbua macho, Mgaya akanyanyua ngumi.

Simama.

Mwalimu akasimama. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Yeye aliyatazama makofi yao, mikono mingi inayogongana bila mlio, kisha akamtazama Mgaya, na akajua kwamba amejulikana. Alishuka jukwaani akiwa amebeba viatu. Mgaya alimfuata mpaka barabarani akimwita, Mwalimu, Mwalimu, nami nilifikiri jinsi ilivyo kazi bure kumwita.

Bendi haikuvunjika kwa ugomvi. Mgaya alikwenda nyumbani kwake mara kadhaa kumwomba arudi, akamwambia atamwashia taa, atamfunga kamba mguuni amvute, chochote. Mwalimu alimpa chai. Redio ilikuwa imezimwa. Mara ya mwisho Mgaya alikuta mlango umefungwa na jirani akasema mzee amepanda gari la Mafinga.

Nilimfuata mwezi wa baridi. Mafinga ya wakati ule haina haja ya kusimuliwa kwa aliyepita. Kwa ambaye hajapita, ni ukungu, misonobari, malori ya magogo yanayotokeza ghafla, na harufu ya mbao mbichi inayokaa kwenye sweta mpaka unaporudi kwako. Kiwanda cha shemeji yake ni bati na nguzo tu. Nilimkuta ndani, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu, ananoa meno ya msumeno wa akiba kwa tupa, akiyapitia kwa kidole gumba.

"Kamwene, Mwalimu," nikamsalimu kwa lugha ya huko nikiwa nimejiweka mbele ya uso wake.

"Kamwene. Umekonda. Bado unaandika?"

"Bado."

"Pole."

Alinitambulisha kwa wenzake kwa mikono. Walicheka, sikujua nimetambulishwa kama nini. Nilimuuliza kwa nini amerudi mahali palipomla. Alinijibu kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

"Huko Mbeya mimi ni kiziwi. Hapa kila mtu ni kiziwi kidogo, na tunaelewana. Hakuna anayenionea huruma. Unaona yule? Anaongea kuliko mke wangu, na hajafungua mdomo tangu asubuhi."

"Atupele anasema..."

"Najua anachosema Atupele. Mwambie nakaa upande wa kunoa. Kwenye meno sisogei."

Wakaingiza gogo. Msumeno ukakoroma, sauti nzito inayoingia kwenye magoti, na yeye akaweka kiganja kwenye nguzo akaipokea, akanitikisia kichwa kama mtu anayekuonjesha chakula chake. Gogo likapita. Ubao wa mwisho ukaanguka kwenye vumbi. Msumeno ukabaki mtupu, ukaanza kuimba.

Nilikuwa sijawahi kuisikia ile sauti. Nilikuwa nimesimuliwa tu. Ilikuwa nzuri kweli, jamani, ni Atupele kabisa, ni ile sehemu ya maharusi. Nami nikiwa nimesimama nikiistaajabia, Mwalimu, ambaye kwenye meno hasogei, alikuwa amesogea. Ubao ulikuwa umekwama pembeni mwa meza. Aliinama kuutoa, mkono wa kushoto umeegemea juu ya vumbi, na uso wake ulikuwa na amani ya mtu aliyeona kazi imekwisha.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Mwalimu! Mwalimu!"

Yule anayeongea kuliko mke wa Mwalimu ndiye aliyemvuta koti. Aliudaka mkono wa Mwalimu, kisha akambandikia kiganja chake wazi mbele ya macho, na Mwalimu akaelewa, akarudi nyuma taratibu. Akautazama ule mkono wake wa vidole vitatu, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi, ambaye mdomo ulikuwa bado umeachama.

"Uliniita?"

"Nilikuita."

"Kwa mdomo?"

Alicheka mpaka akakohoa, akawaeleza wenzake kwa mikono, nao wakacheka, wakinionyesha midomo yao na kutikisa vichwa.

"Andika tena," akasema akijifuta macho. "Andika kuhusu sikio langu."

Halafu akanishika mkono wa kulia, akaunyanyua, akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja kama anavyofunguliwa mtoto aliyeficha kitu, mpaka kiganja kikawa wazi kabisa. "Hivi," akasema. "Ukija tena, uje na huu."

Wakaleta gogo lingine. Likapita, likaisha, na ile sauti nyembamba ikapanda tena mpaka kwenye mabati. Mimi nilikuwa nimejifunza. Nilinyanyua mkono juu, vidole vyote vitano, nikaushikilia hapo, nikingoja aniangalie. Alikuwa ameinama kuokota kitu kwenye vumbi, karibu na meza, na alikuwa amenipa mgongo.